Tununue vishikwambi 40 au vitabu? Jibu kwa mjumbe wa kamati ya skuli, Kaskazini Pemba

"Assalaam alaykum. Mimi ni mzazi na mjumbe wa kamati ya skuli moja ya msingi ya serikali, Mkoa wa Kaskazini Pemba. Vijana wetu waliosoma hapa zamani na sasa wapo Maskati wamechanga shilingi 12,000,000. Wanataka tununue vishikwambi 40 ili wanafunzi wasomee vitabu vya kidijitali. Skuli ina wanafunzi karibu 900 wanaoingia kwa mikondo miwili, wa asubuhi na wa mchana, na darasa moja lina watoto kama 70. Vitabu vya karatasi ni vichache, watoto watano au sita wanagombania kimoja. Mwalimu mkuu amefurahi, anasema vishikwambi vikija hatutohitaji tena vitabu. Wazazi wengine wanakataa: watoto wataharibika macho, wataangalia filamu, na tena skuli haina intaneti. Umeme upo ofisini tu. Mwalimu mmoja ameshaanza kupiga picha kurasa za vitabu na kuzitia kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Tukubali au tukatae? Na vitabu hivyo tutavipata wapi kwa halali?"

Waalaykumu ssalaam, ndugu yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nadhani kinachokukosesha usingizi ni fedha ya watu. Vijana wamechuma ugenini, wamekumbuka skuli yao, na wewe unaogopa jasho lao lisije likaishia kabatini huku watoto wanaendelea kugombania kitabu kile kile. Hofu hiyo ni ya haki. Makabati ya namna hiyo nimeyafungua kwa mikono yangu. Kwa hiyo nakujibu mapema: msaada upokeeni kwa mikono miwili, lakini vishikwambi 40 msinunue.

Tuanze na jambo ambalo naona limewachanganya wote, mwalimu mkuu na wazazi wanaompinga. Kitabu cha kidijitali ni faili. Kishikwambi ni chombo cha kulifungulia. Faili ukishalipata kwa ruhusa, kulinakili mara elfu hakuongezi hata senti. Gharama inaanzia pale unapotaka faili hilo lifike kwenye jicho la mtoto, kwa sababu kila jicho linataka kioo, kila kioo kinataka chaji, na kila chaji inataka mtu wa kuisimamia. Fedha yote inakwenda kwenye safari hiyo, na hiyo ndiyo safari ambayo hakuna aliyewapigia hesabu.

Basi tuipige. Kila mkondo una watoto kama 450, sawa na madarasa sita au saba. Vishikwambi 40 vitatosha darasa moja kwa wakati mmoja, tena watoto wawili kwa kimoja. Vikizunguka vizuri, bila siku ya umeme kukatika na bila kimoja kuharibika, kila darasa litavishika kipindi kimoja kwa siku. Kengele ikilia vinakusanywa, vinakwenda darasa jingine, mchana vinasubiriwa na mkondo wa pili. Hakuna mtoto atakayekwenda nacho nyumbani. Na mtoto wa skuli ya mikondo miwili, ambaye anakaa darasani saa chache, kusoma kwake kwingi ni huko nyumbani, jioni, akiwa hana mwalimu.

Fikiria watoto wetu wanavyosoma chuoni, kwenye chuo cha Qur'ani. Kila mmoja ana juzuu yake. Imechakaa, imetiwa ndani ya mfuko wa plastiki isilowe mvua, lakini ni yake. Anafuata herufi kwa kidole, anarudi nayo nyumbani, kesho anakuja nayo, na baada ya miezi anaijua hadi doa lililopo kwenye ukurasa. Ukitaka kujua kwa nini nang'ang'ania kitabu mkononi mwa mtoto, sababu ni hiyo.

Sasa zile picha za WhatsApp. Mwalimu huyo ana moyo mzuri na simlaumu, ila picha ya ukurasa inabaki kuwa picha. Simu haioni herufi pale, inaona madoa meusi juu ya weupe. WhatsApp nayo huipunguza picha ili ipite upesi, na maandishi madogo yanafifia. Niliwahi kukaa karibu na mtoto wa darasa la tano aliyekuwa akisoma somo la mmeng'enyo wa chakula kwenye simu ya mama yake, ukurasa wa kitabu kikubwa uliopigwa picha. Akapanua kwa vidole viwili ili herufi zikue, mstari ukatoka nje ya kioo. Akaburuta kulia kuufuata, alipomaliza akaburuta kushoto kutafuta mstari unaofuata, akatua kwenye ule ule aliokwisha kuusoma. Aliusoma mara tatu, kisha akaniuliza kama somo limeisha. Mtoto yule hakuwa mzito wa akili. Nguvu zake zote zilikuwa zimekwenda kwenye kuburuta.

Faili zuri halimsumbui mtoto hivyo. Lipo la PDF lililotoka moja kwa moja kwa mchapaji, lenye maandishi halisi: jepesi, na unaweza kutafuta neno ndani yake. Lipo pia la EPUB, ambalo herufi zake hujipanga upya kufuata upana wa kioo, kwa hiyo ukizikuza mistari inabaki ndani. Kitabu cha kurasa 150 kilichopigwa picha kwa ubora wa kusomeka kinaweza kupita MB 100, ilhali kile kile kikiwa maandishi mara nyingi ni MB chache tu. Yeyote atakayewaletea "vitabu vya kidijitali", mwambieni atafute neno moja ndani ya faili mbele yenu. Likipatikana, ni maandishi. Lisipopatikana, mmeletewa albamu ya picha.

Na hapa niseme jambo moja bila kusitasita: kwa mtoto asiyeona vizuri, faili la maandishi ni bora kuliko kitabu chochote cha karatasi. Anaweza kukuza herufi hadi zikatosha macho yake, au simu ikamsomea kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa kutumia programu ya TalkBack iliyomo tayari ndani ya simu nyingi za Android. Kama skuli yenu ina watoto wa namna hiyo, wao wawe wa kwanza kupewa kishikwambi, na kiwe chao, wasisubiri zamu.

Kuhusu macho, watulizeni wazazi. Kioo hakipofushi. Mtu akikodolea kioo hupepesa macho mara chache kuliko kawaida, macho yanakauka, yanachoka, pengine kichwa kinauma. Uchovu huo hupita. Macho ya kutoona mbali yanahusishwa zaidi na kuangalia vitu vya karibu kwa muda mrefu na kukosa kukaa nje kwenye mwanga wa mchana, na hilo kitabu cha karatasi nacho kinaweza kulichangia. Kila dakika 20 mtoto anyanyue macho aangalie kitu kilicho mbali, hata mnazi wa nje ya dirisha, kwa sekunde 20. Lakini mtoto anayekunja uso kusoma ubao, anayeinamia daftari hadi pua inagusa, au anayelalamika kichwa kila siku, huyo apelekwe kliniki ya macho ya hospitali akapimwe, vishikwambi vije visije.

Intaneti nayo haihitajiki kama watu wanavyodhani. Faili likishapakuliwa mara moja, pengine mjini kwenye mtandao wa kasi, linasafiri kwa flashi au memori kadi, hata kwa mashua mpaka kisiwa cha Kojani. Vipo pia visanduku vidogo, kompyuta ya ukubwa wa kiganja, vinavyorusha Wi-Fi yake vyenyewe ndani ya darasa bila kuunganishwa na intaneti. Watoto wanaunganisha, wanakuta maktaba iliyotiwa humo, hakuna bando, na hakuna filamu isipokuwa mtu mzima ameitia. Programu inayotumika sana kwa kazi hiyo ni Kolibri, ya bure, iliyotengenezwa mahsusi kwa sehemu zisizo na mtandao. Kisanduku kinakula umeme mdogo kuliko taa nyingi za zamani.

Umeme. Nitakaa hapa kidogo, maana hapa ndipo vyombo vinapofia. Kabla ya 2010 tukitegemea majenereta ya Wesha, na ningekwambia usiguse kabisa. Tangu mwaka huo Pemba inapata umeme kwa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, na mambo ni mengine. Betri ya kishikwambi cha kawaida ikijazwa kutoka sifuri inakula kama wati-saa (Wh) 25, pamoja na unaopotea njiani. Vyote 40 ni Wh 1,000, yaani uniti moja tu ya umeme. Kwa hiyo bili haitakutisheni. Kitakachokutisheni ni chumba kimoja chenye soketi mbili, na mtu mwenye nia njema anayechomeka kebo juu ya kebo, adapta juu ya adapta, kwenye waya uliopigwa kwa ajili ya taa na feni. Kabla ya kuchaji hata vishikwambi kumi pamoja, fundi mwenye leseni aje aangalie waya, aweke soketi za kutosha na kikata umeme chake. Hili msilikisie, msimwachie mlinzi wala kijana hodari wa simu.

Kisha betri zenyewe. Betri hizi hazipendi mambo mawili: joto, na kuachwa tupu. Niliwahi kuitwa kwenye skuli moja iliyopewa vyombo vyake miaka miwili nyuma. Vilitumika muhula mmoja, likaja likizo la msimu wa karafuu, vikafungiwa kabatini chaji ikiwa imekwisha, chini ya bati, mchana wa jua kali. Tulipofungua kabati, vingine migongo imefunuka, betri zimevimba kama maandazi yaliyoumuka, kioo kimesukumwa juu kikapasuka. Vilivyobaki havikuwaka, na kwenye tundu la chaji kulikuwa na kutu ya kijani ya hewa ya chumvi. Kama walivyopewa, ndivyo walivyotupa, na hakuna mtoto aliyefaidika. Kishikwambi kikiwekwa likizo kiachwe na nusu ya chaji, kizimwe kabisa, kiwe mahali penye kivuli na upepo, na kila mwezi mtu akiangalie. Kikivimba, kisichomekwe, kisitobolewe, kisilaliwe na kitu. Kiwekwe nje ya jengo mahali pakavu mbali na watoto na vitu vinavyoshika moto, na fundi aitwe.

Mwalimu mkuu anaweza kusema, nchi nyingine wamefanikiwa. Mwambie kwa upole aangalie Peru. Huko serikali iligawa kompyuta ndogo, karibu moja kwa kila mtoto, na watafiti wakafuatilia skuli 319 za vijijini. Baada ya miezi kama 15, matokeo ya hisabati na lugha hayakuonyesha tofauti na skuli zisizopewa. Aangalie na karibu zaidi, Kisumu, Kenya. Mwaka 2013 walijaribu njia tatu: kundi moja vishikwambi walipewa washauri wanaowatembelea walimu, la pili walipewa walimu, la tatu wanafunzi wenyewe walipewa vyombo vya kusomea. Makundi yote matatu yalisoma vizuri kuliko skuli ambazo hazikuingizwa kabisa, lakini kuwapa wanafunzi vyombo hakukushinda njia nyingine mbili. Iliyolipa kuliko zote kwa fedha iliyotumika ni ile ya washauri, ambayo inataka vyombo vichache kabisa. Na uchambuzi uliotoka 2018, uliokusanya tafiti 54 na wasomaji zaidi ya 170,000, ulikuta kwamba matini ya maelezo, ndiyo hasa matini ya vitabu vya kiada, hueleweka zaidi kidogo kwenye karatasi kuliko kwenye kioo. Kwa hadithi tofauti haikuonekana. Sisemi kioo ni kibaya. Nasema kikipewa kazi yake kinafaa, na kazi yake si kuwa kitabu pekee cha mtoto wa miaka kumi.

Kwa hiyo kama fedha hiyo ingekuwa mikononi mwangu, kwanza ningehesabu kilichopo. Vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022 vilipelekwa kwa walimu, na Zanzibar ilipata sehemu yake, basi waulizeni walimu wenu vipo vingapi na vinafanya kazi gani sasa. Huenda chombo cha mwalimu mnacho tayari. Kisha zaidi ya nusu ya fedha ningeitia kwenye karatasi: vitabu vya masomo makuu ya madarasa ya juu, hadi ifike watoto wawili kwa kitabu, na kila kitabu kivalishwe jalada la plastiki siku ya kwanza. Kinachobaki kinunue projekta moja imara, kompyuta mpakato moja, kisanduku cha maktaba, na vishikwambi vinane au kumi vya chumba cha kusomea, watoto waingie kwa makundi. Mwalimu mwenye projekta anaonyesha watoto 70 ukurasa mmoja, mchoro mmoja wa moyo unaopiga, na wote wanauona kwa pamoja. Na sehemu ya kumi isiguswe, iwe ya matengenezo, kwa sababu kitu kitaharibika tu.

Watu wengi hawalifikirii hili: faili lenye ruhusa ndilo linalozaa karatasi. Mkipewa faili la kitabu pamoja na idhini ya maandishi ya kuchapa, mnalipeleka kwa mpiga chapa mara moja, mnatoa nakala nyingi kwa bei ya jumla, bila kukaa kwenye foleni ya steshenari mkitoa kopi ukurasa mmoja mmoja. Hata sura moja ya kurasa 16, ikikunjwa na kupigwa pini, ni kijitabu ambacho mtoto anaweza kurudi nacho nyumbani.

Neno "idhini ya maandishi" nimelitumia kwa makusudi. Kitabu kina mwenyewe, na Zanzibar tuna Sheria ya Hakimiliki ya 2003 na ofisi ya COSOZA inayosimamia haki hizo. Kukiona kitabu bure mtandaoni hakukupi ruhusa ya kukichapa wala kukigawa, na kupiga picha kitabu kizima na kukimwaga kundini ni kosa hata kama nia ni thawabu. Kwa elimu ya msingi, wa kumwendea ni Taasisi ya Elimu Zanzibar, kupitia Ofisi ya Elimu ya Wilaya yenu. Andikeni barua, semeni kitabu gani, darasa gani, nakala ngapi, na kwamba hamtouza. Maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vingi vya kusoma bure, lakini msiibebe yote mkaitia kisandukuni: elimu ya msingi si jambo la Muungano, mitaala ya Bara na ya kwetu ni miwili, na mtoto wa darasa la tano akisoma kitabu cha Bara anaweza kufundishwa mada ambazo mtihani wake haumuulizi. Kwa madarasa ya chini yapo pia mambo yaliyo wazi kabisa kisheria. African Storybook ya Afrika Kusini, tangu 2014, imeweka hadithi fupi za watoto, za Kiswahili zikiwemo, ambazo mnaruhusiwa kuzipakua, kuzichapa na kuzigawa. Kwa mtoto anayejifunza kusoma, hadithi kumi za namna hiyo zilizochapwa ni hazina.

Haya yote yanaweza kusemwa kwa barua, lakini yapo ambayo lazima mtu aje. Fundi umeme nimeshamtaja. Nendeni pia Kituo cha Walimu cha eneo lenu mkaombe mtu aje akae na walimu wenu siku mbili tatu, chombo kikiwa mezani, kila mmoja akitafuta ukurasa na kuuonyesha mwenyewe. Mwalimu ambaye hajakizoea chombo hatokifungua mbele ya watoto 70 wanaomtazama. Na kabla hamjalipa muuzaji hata shilingi, afisa elimu wa wilaya aone orodha, maana huenda kuna mgao wa vitabu njiani ambao kamati haijaambiwa.

Kwa vijana wa Maskati, waandikieni wiki hii, kabla hawajanunua. Wapigieni hesabu ile ya madarasa saba na kipindi kimoja. Waombeni wakubali fedha igawanywe, na watumieni picha ya watoto sita juu ya kitabu kimoja, halafu baadaye picha ya watoto wawili. Mtu aliyesoma Pemba ataielewa picha hiyo haraka kuliko maelezo yangu yote.

Na kabati. Vitabu na vyombo viwe na funguo mbili, za watu wawili wasioishi nyumba moja, mmoja wao awe mwalimu wa mkondo wa mchana. Nilifika skuli moja asubuhi, vitabu vipya vya sayansi vimo kabatini, vimepangwa vizuri, tunaviona kupitia kioo, na darasa zima linasubiri. Ufunguo ulikuwa na mwalimu mmoja, na mwalimu mwenyewe alikuwa amekwenda Unguja kwa msiba tangu Jumatatu.